Sikio Nililomficha Mdogo Wangu

Watu wengi wanadhani ukipewa figo wanakuwekea mgongoni, palepale ilipokaa ile ya zamani. Siyo. Ya kwangu iko mbele, chini upande wa kulia, hapa ninapopiga fundo la kanga. Ukibonyeza unaikuta, imekaa kama kiazi ndani ya mfuko. Ni ya mdogo wangu, mama mmoja baba mmoja. Alipokuwa mchanga nilimbeba mgongoni mpaka akajua kukimbia, na uzeeni bado namzungusha, kipande chake kimoja.

Mdogo wangu ni mama ntilie. Anapika wali na maharage na samaki wa kukaanga kwenye kichochoro nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na walaji wake ni watu wa maduka ya Kariakoo. Ijumaa wengi wao wanaenda kuswali, basi anafunika sufuria mapema, anakuja kwangu Magomeni. Akiingia hata kiti hatafuti. Ananiamkia, mimi namwitikia, halafu anaweka kiganja kwenye kanga yangu, anauliza, "Mpangaji hajambo?"

Na mimi namjibu kwa sauti ya mpangaji. Sauti yenyewe ni ya mdogo wangu. Figo ni yake, ingeongea kwa sauti ya nani? Yeye anaongea kwa puani, anavuta maneno, mdomo kauchongoa kama mtu anayepuliza mkaa. Nami nachongoa hivyohivyo: "Mwenye nyumbaaa, maji ya leo machache. Chumvi umezidisha. Nitahama mimi, nirudi kwetu Msimbazi nikale samaki." Anacheka mpaka anakaa chini mwenyewe.

"We dada, mimi siongei hivyo."

Anaongea hivyohivyo.

Mimi shule sikwenda. Herufi kwangu ni kama nyayo za kuku. Lakini sauti ya mtu ikiniingia mara moja, imeingia. Nimeuza mashuka ya mitumba Mchikichini miaka mingi, na sikuwa nanadi kama wenzangu, kupiga makofi na kukauka koo. Nilikuwa namwigiza mteja aliyetoka sasa hivi, na anayekuja anacheka, ananunua. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiarabu, mwenye duka lake mjini, alikuwa anashika shuka kwa vidole viwili: "Wallahi bibi, hili mbona jembamba, nikijifunika mume wangu ataniona mpaka roho." Na jirani yangu wa meza, Mchaga muuza masweta, tunamwita Mangi, yeye anaongea meno yamefungwa, kama anaogopa neno litatoka bure. Hata mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande, naye nilikuwa namwigiza akiulizia foronya. Watu walishika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka, kwa upande uliobaki. Huyo nitamrudia.

Figo zangu zilipokufa zote mbili nikawa mtu wa mashine, naenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, narudi nimenyauka kama mchicha wa jana. Wakapima ndugu. Mdogo wangu akalingana na mimi. Daktari akatuweka wote wawili kwenye viti, kijana mwembamba, anaongea polepole kama anayembembeleza mtoto alale. "Bibi yangu, mwili wako una askari. Askari hawa wakiona figo ya mtu mwingine, watasema huyu mwizi, watampiga. Kwa hiyo tutakupa dawa za kuwalaza askari. Maisha yako yote utakunywa. Lakini askari wakilala, na vijidudu navyo vinapata nafasi. Kaa mbali na vumbi, kaa mbali na msongamano, vaa barakoa, na kitu chochote kikikubadilikia, njoo siku hiyohiyo."

Mdogo wangu akageuka. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. "Dada, nakupa. Ila belo usifungue tena."

Belo ni lile robota la mitumba lililobanwa na mikanda. Ukikata mkanda linapumua, na vumbi linatoka kama unga wa mashine. Anayefungua ndiye anayechagua vizuri kabla ya wengine, na mimi nilikuwa sikosi. Nikasema sifungui. Nikaapa mbele ya daktari.

Nikakaa miezi tisa. Nikazidi kunawiri, kukojoa kukawa raha, nyie hamjui, mtu aliyekosa mkojo akiusikia unatoka anaweza kuimba. Halafu asubuhi moja Mangi akapiga simu. "Bibi. Mashuka yameingia. Mazito, ya pamba. Njoo uangalie tu. Kuangalia siyo kufungua. Macho hayapati vumbi."

Nikaenda kuangalia. Nimevaa barakoa yangu, nimejitanda ushungi, nimekaa pembeni kama mgeni. Wakaleta belo, wakaanza kubishana nani akate. Sijui niseme nini hapa. Mkono wangu ndio ulioshika mkasi. Vumbi likapanda, wote tukakohoa, na mimi nikachagua mashuka sita, nikawa mtu tena.

Baada ya siku kumi hivi, Jumatatu, sikio la kushoto likaanza kuuma. Nikadhani hereni imeshika kutu. Nikaivua. Maumivu hayakuwa ya juu juu, yalikuwa yanaingia ndani na kuzunguka nyuma ya sikio, kama mtu anapitisha sindano ya kushonea magunia. Jioni nikatazama kwa kioo kidogo. Ndani ya kopo la sikio kumeota vipele, vimesongamana, vina maji, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia.

Nikavijua. Kwetu uswahilini vipele vya kundi moja vya upande mmoja vinaitwa mkanda wa jeshi, na vikionekana kwa mtu, uwani maneno ya ukimwi yanaanza kwa sauti ya chini. "Si unaona. Kumbe ndiyo maana anameza vidonge kwa saa." Nina wapangaji wa vyumba watatu, na wote wana midomo. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kuficha. Ya pili ndiyo kubwa: nilijua ni vumbi la belo. Nikiona daktari, mdogo wangu atajua. Akijua, atajua kwamba figo yake niliichukua, halafu nikaenda nayo Mchikichini.

Nikapasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, nikatia tone tone sikioni, nikafunika na ushungi. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Ndani ya sikio sasa kulikuwa na mvumo, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na nikisimama nyumba inayumba. Vidonge vyangu nilimeza kwa saa, sikukosa hata kimoja. Nikijishika tumboni, namwambia mpangaji, tulia, ni sikio tu, wewe huko hayakuhusu.

Alhamisi nikasukutua. Maji yakatoka yenyewe pembeni mwa mdomo, yakanimwagikia kifuani. Nikasukutua tena, yakatoka tena. Nikaenda kwenye kioo cha kabati. Upande wa kushoto wa uso wangu ulikuwa umeshuka, kama pazia lililochomoka misumari. Nikakunja paji la uso, likakunjika nusu. Nikafumba macho, na jicho moja likabaki linanitazama.

Nimeogopa mara nyingi maishani. Niliogopa kisu cha hospitali, niliogopa mashine ya damu. Lakini siku ile niliogopa uso wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa naujua. Ulikuwa uso wa yule mzee wa kiharusi. Nilishauvaa mara ngapi pale Mchikichini, nikiulizia foronya, watu wakishika mbavu. Marehemu mama alikuwa akituambia, hujafa hujaumbika. Nikajisemea, basi leo nimeumbika.

Nikakaa kitandani na barakoa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Chai ilikuwa haina ladha, kama maji ya kuoshea majani. Jicho lilikauka likawa kama lina mchanga, nikawa nalifumba kwa kidole. Nikahesabu: kesho Ijumaa.

Akaja saa nane, ana harufu ya samaki na moshi. Akanikuta nimejitanda, barakoa usoni.

"Shikamoo dada. Mbona barakoa ndani?"

"Marahaba. Mafua."

Neno moja nilidhani linatosha kuficha. Akaweka kiganja pale pake. "Mpangaji hajambo?"

Ilibidi nijibu. Miezi tisa yote nimejibu, nisipojibu ndiyo nimejitangaza. Nikavuta pumzi, nikachongoa mdomo. Mdomo haukuchongoka. Nusu ilikwenda, nusu ikabaki. Ile "mwenye nyumba" ikatoka imemwagika, ina mate na upepo, kama mtu anaongea ana mkate mdomoni.

Kiganja chake kikabaki palepale. Hakucheka.

"Huyo siyo mimi," akasema.

"Mafua hayo."

"Dada, wewe ukiwa na homa ya kufa uliniigiza wodini mpaka nesi akatufukuza. Vua hiyo."

"Utaambukizwa."

"Vua."

Sikuvua. Akaivua yeye, taratibu, kamba ya sikio la kulia kwanza. Alipofika la kushoto nikapiga kelele, maana kamba ilipita juu ya vipele. Akafunua ushungi. Akatazama sikio muda mrefu. Mafuta ya nazi yalikuwa yamegandia, na kitunguu, na vile vipele vingine vimepasuka. Nilitegemea atapayuka, ni mtu wa kupayuka, akigombana na muuza mkaa Kariakoo nzima inasikia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaongea kama mtu wa msibani.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Daktari alisema siku hiyohiyo."

Machozi yalikuwa yanatoka jicho la kushoto peke yake, wala sikuwa nalia bado.

"Kuna kitu hujaniambia," akasema. "Sikio halifichwi hivi kwa sababu ya sikio."

"Nilifungua belo."

Akarudisha kiganja tumboni kwangu, safari hii siyo kwa utani, akabonyeza kama anayesikiliza mlangoni. "Na huyu?" akauliza. Hapo ndipo nilipolia kwa macho yote mawili.

Hospitali hatukukaa foleni. Daktari wetu aliponiona tu akaacha kalamu. Akamulika sikio, akaniambia inua nyusi, fumba macho, onyesha meno. "Bibi yangu, uliwahi kuugua tetekuwanga?" Nikamwambia niliugua mimi na mtaa mzima, tulipakwa dawa nyeupe tukawa kama mizimu. Akasema, "Kile kirusi hakikutoka. Kilijificha kwenye mshipa wa fahamu, kikalala miaka yote hii. Tulipowalaza askari wako, chenyewe kikaamka. Kimeamkia kwenye mshipa unaopita sikioni, na mshipa huohuo ndio unaoendesha uso."

Mdogo wangu akadakia, "Siyo vumbi la belo?"

"Siyo belo. Hiki alikuwa nacho toka utotoni."

Nikataka kushusha pumzi. Akanikata. "Lakini dawa yake inafanya kazi vizuri ikianza mapema. Siku tatu za kwanza ndizo zenyewe. Wewe umekuja ya tano."

Basi belo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lile nililolifunika na ushungi.

Halafu akatuambia jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Dawa ya kirusi itapita kwenye mshipa wa mkono, na itatokea kwenye figo, na figo inaweza kuchoshwa nayo, kwa hiyo watanipa maji mengi na kupima kila siku. Na dawa moja ya kuwalaza askari wataipunguza, ili askari waamke kidogo waisaidie dawa ya kirusi. "Kidogo tu," akasema, akionyesha kwa kidole na dole gumba. "Wakiamka sana, watamwona mgeni."

Nikamwambia, "Baba, uso chukua. Niache hivihivi, nimezeeka, sina mchumba. Figo usiiguse."

"Bibi, tusipotibu hiki kinaweza kupanda kwenye ubongo."

Nikamtazama mdogo wangu aniambie. Yeye akamtazama daktari. "Mtibu," akasema.

Wodini nilipewa jagi la plastiki lenye mistari. Kila nikikojoa, nakojolea humo, na mdogo wangu anasimama dirishani kwenye mwanga, anasoma mstari, nesi anaandika. Aliacha jiko lake kwa shoga yake, akakaa na lile jagi. Siku ya kwanza likafika mstari wa juu. Siku ya pili chini kidogo. Siku ya tatu asubuhi nilikaa, nikakaa, mkojo ukatoka kidogo, wa rangi ya chai ya rangi. Mdogo wangu akaliinua jagi dirishani, akaligeuza, akalishusha. Damu waliyopima ikasema hivyohivyo: figo inachoka. Daktari akaongeza maji, akashusha dawa ya kirusi, akaondoka bila kutubembeleza, na mtu yule asipobembeleza unajua.

Sikio linanichoma, jicho nimebandikwa plasta lisikauke, nasikiliza tumbo langu kwa sikio zima.

Nikamwambia, "Nilikuogopa."

Akasema, "Mimi kisu sikukiogopa. Nilikuogopa wewe. Nilijua utakuwa na kitu utanificha, nikakupa hivyohivyo."

Nikasogea kitandani, nikampisha akae.

Mchana ule nikasikia haja. Nikamwita. Nikakojoa, nikaendelea kukojoa. Akalipeleka jagi dirishani, akasoma mara mbili, akamwita nesi. Nesi akaja akasoma yeye. Ulikuwa juu. Kesho yake damu ikasema figo inarudi, na keshokutwa ikasema tena. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mdogo wangu alilala sakafuni kwenye kanga, akakoroma, kwa puani.

Uso ulirudi kwa uvivu. Binti wa mazoezi alikuwa ananiweka mbele ya kioo: "Bibi, inua nyusi. Jaza mashavu upepo. Piga mbinja. Sema pa, pa, pa." Nikamwambia mimi pa pa pa siwezi, mimi naweza watu. Akasema basi lete watu. Mangi ndiye alirudi wa kwanza, kwa kuwa yeye mdomo hautumii. Mama wa Kiarabu akarudi nusu, wallahi yake ina mate. Yule mzee wa kiharusi sikumwita. Nilipopata nguvu nilimtuma Mangi ampelekee foronya mbili, bila kueleza.

Anayekataa mpaka leo ni mdogo wangu. Sauti yake inataka mdomo uchongoke sawasawa pande zote, na wa kwangu unachongoka kama mfuko uliotoboka. Na nyuma ya sikio moto haujazimika. Vipele vilikauka zamani, lakini ushungi ukigusa pale nahisi kaa la moto. Daktari anasema mshipa ukishaumia unaendelea kupiga kelele hata kirusi kikishaondoka. Halafu anamalizia kwa ile sauti yake ya kulaza watoto: "Ila bibi, hakijaondoka. Kimelala tu."

Ijumaa mdogo wangu bado anakuja. Ila utaratibu umebadilika. Haanzi tumboni. Ananiamkia, ananifunua ushungi, anatazama sikio la kushoto, anatazama la kulia, anatazama shingo, kama anamkagua mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza kwenye matope ya mtoni. Mimi nainamisha kichwa, namwachia. Ndipo anaweka kiganja. Anauliza, "Mpangaji hajambo?" Na kwa kuwa mimi siwezi, anajijibu mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Hajambo, mwenye nyumbaaa." Haigizi, lakini ndiyo hivyohivyo.

Juzi alfajiri niliamka shingo inawasha. Nikapapasa, nikakuta kipele kimoja. Nikawasha taa, nikachukua kioo, sioni vizuri. Zamani ningetafuta mafuta ya nazi. Nikampigia simu. Alikuwa anawasha jiko, nasikia anapuliza mkaa.

Hakusema hata haloo. "Figo?"

"Kipele. Shingoni. Kimoja."

"Kina maji?"

"Hakina. Nadhani mbu."

Nikasikia anafunika jiko.

"Nakuja nimwone huyo mbu," akasema.

Akaja.